Ushawishi wa wanawake katika bunilizi za kisayansi na fantasia: maana yake na namna ya kuutambua

Magazeti ya burudani yanapochapisha orodha ya wanawake wenye ushawishi katika bunilizi za kisayansi na fantasia, yaani hadithi za safari za angani, roboti, wachawi na falme zisizokuwapo, majina yanayotangulia huwa ya waigizaji. Si ajabu, kwa kuwa sura ya mwigizaji ndiyo inayobaki machoni mwa mtazamaji. Hata hivyo, orodha hizo huchanganya mambo matatu yanayostahili kutenganishwa. Umaarufu ni kujulikana. Uwakilishi ni kuonekana kwa wanawake ndani ya hadithi, na uzito wanaopewa humo. Ushawishi, kwa maana inayotumika hapa, ni uwezo wa kufanya uamuzi unaoibadilisha kazi yenyewe, ambao waliofuata waliuiga, waliuendeleza au walilazimika kuupinga.

Uwakilishi ndio unaochanganywa na ushawishi mara nyingi zaidi, pengine kwa sababu una kipimo chepesi. Mwaka 1985 mchoraji wa katuni wa Marekani, Alison Bechdel, alichora mhusika anayekubali kutazama filamu kwa masharti matatu: iwe na wanawake wasiopungua wawili, wazungumze wao kwa wao, na mazungumzo yao yasimhusu mwanamume. Mhusika huyo anasema kwamba filamu ya mwisho aliyoweza kuitazama ni Alien ya mwaka 1979, kwa kuwa wanawake wawili wa humo huzungumza juu ya zimwi. Kipimo hicho kinafaa, lakini huishia kwenye kile kinachoonekana. Mwandishi wa muswada wa Alien na mwongozaji wake walikuwa wanaume. Muswada uliacha kila nafasi iweze kuchezwa na mwanamke au mwanamume, na ndivyo mwigizaji Sigourney Weaver alivyoipata nafasi ya Ripley, mhusika mkuu. Uwakilishi ulikuwa mkubwa, ilhali waliokuwa na kauli ya mwisho walikuwa wengine.

Kwa upande wa kauli ya mwisho, mfano ulio wazi ni wa Uingereza. Tarehe 23 Novemba 1963 BBC ilirusha sehemu ya kwanza ya Doctor Who, tamthilia ya msafiri anayevuka nyakati kwa chombo kilichofanana na kibanda cha polisi. Mtayarishaji wake, Verity Lambert, alikuwa na umri wa miaka 27, na katika idara ya tamthilia ya shirika hilo hakukuwa na mwanamke mwingine mwenye cheo hicho. Mkuu wa idara, Sydney Newman, alitaka kipindi kitakachowafunza watoto historia na sayansi, na alikwisha kukataza mazimwi ya kutisha yenye macho ya kutokeza. Ukaja muswada wa Terry Nation kuhusu Dalek, viumbe katili waliojifungia ndani ya mashine za chuma. Wakubwa hawakuupenda; Lambert aliutetea, na bahati ikamsaidia, kwa sababu hapakuwa na muswada mwingine uliokuwa tayari. Dalek walipoanza kuonekana Desemba ya mwaka huohuo, watazamaji waliongezeka sana. Tamthilia ilisitishwa mwaka 1989 na kurudishwa mwaka 2005, na Dalek wakarudi nayo. Mtazamaji wa kawaida hakuwahi kuiona sura ya Lambert, lakini alichokuwa akikitazama kilitokana na msimamo aliouchukua ofisini.

Katika tamthilia hiyohiyo kuna ushawishi wa aina nyingine, ule wa mikono, na huu unastahili kuangaliwa kwa karibu. Wimbo wa kufungulia ulitungwa na Ron Grainer, ambaye alikabidhi karatasi ya noti tu. Aliyeugeuza kuwa sauti ni Delia Derbyshire, mhitimu wa Cambridge aliyesomea hisabati na muziki, aliyekuwa akifanya kazi katika karakana ya sauti ya BBC. Sintesaiza za kawaida, yaani ala za kuunda sauti kwa umeme, hazikuwapo bado. Derbyshire alirekodi mlio wa waya mmoja uliochomolewa kwa kidole pamoja na milio ya mitambo ya kupimia sauti, akaupandisha na kuushusha kwa kubadili kasi ya utepe, kisha akakata kipande cha utepe kwa kila noti kwa urefu uliolingana na muda wake na kuviunganisha kimoja baada ya kingine. Tepe kadhaa zilizoundwa hivyo zilichezwa kwa pamoja ili kuupata wimbo mzima. Noti moja ilipogoma kulingana na nyingine, yeye na msaidizi wake, Dick Mills, walizikunjua tepe zote katika ujia mrefu wa jengo na kuzilinganisha kiungo kwa kiungo mpaka kosa likaonekana. Grainer alipousikia wimbo huo alishangaa, akauliza kama kweli ni yeye aliyeutunga, na akataka Derbyshire apewe sehemu ya mapato. Taratibu za shirika hazikuruhusu, kwa kuwa wafanyakazi wa karakana hiyo hawakutajwa kwa majina. Jina lake lilionekana kwenye skrini ya Doctor Who mwaka 2013, miaka 12 baada ya kifo chake.

Kwa hiyo anayetafuta ushawishi kwa kusoma majina yaliyoandikwa atawakosa wengi. Jambo hili ni la zamani: Frankenstein ya Mary Shelley, kitabu ambacho wengi hukihesabu kuwa chanzo cha bunilizi za kisayansi, kilitoka London mwaka 1818 bila jina la mwandishi. Huko Marekani, karibu karne moja na nusu baadaye, Dorothy Fontana aliandika miswada ya televisheni akijiita D. C. Fontana ili anayeisoma asiihukumu kwa kujua kwamba imeandikwa na mwanamke. Aliingia Star Trek, tamthilia ya safari za angani, akiwa katibu muhtasi wa mwanzilishi wake, Gene Roddenberry, akawa mhariri wa hadithi. Ndiye aliyeandika kipindi cha mwaka 1967 kilichowaleta wazazi wa Spock, mmoja wa wahusika wakuu, baba wa sayari ya Vulcan na mama wa duniani, na waandishi wa filamu na tamthilia za baadaye wameendelea kuchota katika familia hiyo.

Star Trek yenyewe isingefika hewani bila Lucille Ball, na hapa tofauti ya umaarufu na ushawishi inajitokeza kwa namna ya kuchekesha kidogo. Wamarekani walimfahamu kama mchekeshaji. Wachache walijua kwamba tangu mwaka 1962, aliponunua hisa za Desi Arnaz, aliyekuwa mume wake, ndiye aliyeongoza Desilu, na hivyo akawa mwanamke wa kwanza kuongoza studio kubwa ya televisheni nchini humo. Bodi yake iliiona Star Trek kuwa mzigo wa gharama. Kituo cha NBC kilikataa kipindi cha kwanza cha majaribio, kikaomba cha pili, na Ball akaruhusu kazi iendelee. Tamthilia ilianza tarehe 8 Septemba 1966. Mwaka uliofuata aliiuza studio. Mashabiki nao wana sehemu yao: Bjo Trimble na mumewe John waliongoza kampeni ya barua ya kuiombea msimu wa tatu, na msimu huo ndio uliofikisha vipindi 79, akiba iliyoviwezesha vituo vidogo kuvirudia kwa miaka mingi na kukuza jina la tamthilia hiyo baada ya kufutwa.

Je, mwigizaji hawezi kuwa na ushawishi? Anaweza, na ushahidi ni Nichelle Nichols, aliyecheza nafasi ya Luteni Uhura, jina lililochukuliwa kutoka neno letu uhuru. Baada ya msimu wa kwanza alitaka kuondoka, na Martin Luther King Jr. akamsihi abaki, kwa hoja kwamba watazamaji walikuwa wanamwona mwanamke mweusi mwenye madaraka katika karne zijazo. Mpaka hapo tungali katika uwakilishi. Ushawishi wake uliongezeka alipoondoka studioni: mwaka 1977 NASA, shirika la anga la Marekani, ilimpa kazi ya kuwahamasisha wanawake na watu wa jamii zilizoachwa nyuma waombe nafasi za uanaanga. Kundi lililotangazwa mwaka 1978 lilikuwa na watu 35, wakiwamo wanawake sita na Wamarekani weusi watatu. Kumpa yeye peke yake sifa ya matokeo hayo ni kupita kiasi, lakini kampeni hiyo ilibeba jina na sauti yake. Mae Jemison, aliyeruka angani mwaka 1992, amesema waziwazi kwamba Uhura alimtia moyo.

Katika sinema mambo ni yaleyale na hayahitaji maneno mengi. Marcia Lucas na wenzake wawili walipata Oscar ya uhariri kwa Star Wars. Leigh Brackett aliandika rasimu ya kwanza ya The Empire Strikes Back, filamu iliyoifuata Star Wars, akafariki mwaka 1978 kabla filamu haijatengenezwa. Mengi katika rasimu yake yalibadilishwa, jambo linaloonyesha kwamba kutajwa nako hakulingani na ushawishi sikuzote. Gale Anne Hurd aliitayarisha The Terminator ya mwaka 1984 na kushiriki kuiandika.

Karibu na kwetu, ubunifu wa mavazi umefanya kazi ambayo maneno yasingeweza. Ruth E. Carter, aliyepata Oscar kwa Black Panther, filamu inayohusu Wakanda, nchi ya kubuni ya Kiafrika, alilibuni taji la Malkia Ramonda kwa umbo la isicholo, kofia ya wanawake wa Kizulu walioolewa, na likatengenezwa kwa mashine ya kuchapa vitu vya pande tatu (3D). Mavazi ya walinzi wa kike yakabeba shanga zinazofuata kazi za Wamaasai. Teknolojia ya kubuni ya Wakanda iliaminika kwa kuwa ilivikwa vitu ambavyo mikono ya watu imevishona kwa vizazi.

Wanuri Kahiu wa Kenya alitangulia kwa njia ndogo zaidi. Filamu yake fupi Pumzi, ya mwaka 2009, inamfuata Asha, mtunza makumbusho katika jamii inayoishi chini ya ardhi baada ya vita vya maji, anayepokea udongo wenye rutuba na kutoroka kwenda kupanda mbegu nje. Ilionyeshwa katika tamasha la filamu la Sundance mwaka 2010 na sasa haikosekani katika mijadala ya bunilizi za kisayansi za Kiafrika. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba yeye na mwandishi Nnedi Okorafor wangekigeuza kitabu cha mwandishi Octavia Butler, Wild Seed, kuwa tamthilia ya Amazon. Tangazo la namna hiyo ni dalili ya heshima; kwa maana iliyofafanuliwa hapa, kinachohesabiwa kuwa ushawishi wa Kahiu mpaka sasa ni Pumzi, filamu ya dakika ishirini na kidogo.