Kikombe hakikuwa cha aliyevuta kamba

Hii ni mara ya nne nimekalia meza ya waamuzi wa mashindano ya roketi za maji (chupa zinazorushwa kwa maji na hewa ya pampu) hapa Kisumu, na kwa mara ya nne kikombe cha mwanaanga chipukizi kimechukuliwa na mwanafunzi aliyevuta kamba. Mwenyekiti wetu aliponiona nimekunja uso aliniinamia akaninong'oneza, "Mwalimu, usikasirike. Hata Marekani wanamtuza aliyepanda chombo. Armstrong alikanyaga mwezi; nani anamjua fundi wake?"

Maneno hayo nimeyasikia darasani, redioni, na ndani ya matatu ya kwenda Maseno, pale tunapokaribia ikweta na abiria wakaanza kubishana kuhusu roketi. Yamenichosha. Kazi yangu ni data za satelaiti: nashusha picha za Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, nachuja mawingu, kisha nawaeleza wavuvi wa Dunga magugu maji yamesukumwa upande gani. Riziki yangu inatokana na watu ambao hawakuwahi kuvaa suti ya anga, na najua baadhi yao walituzwaje na wengine waliachwaje. Kwa hiyo mnivumilie, leo nitakwenda kwa urefu.

Kwanza yaliyotokea uwanjani. Timu ilikuwa ya watu watano. Chupa ya soda ya lita 2, maji theluthi moja, mapezi ya karatasi ngumu, kizibo kilichotobolewa na kupachikwa vali ya tyubu kutoka kwa fundi wa baiskeli pale Kibuye, na pampu ya mguu yenye mshale. Kanuni yetu ni presha ya 60, kwa hesabu ile ile ya mafundi wa magurudumu, na hapo mwisho. Mmoja anapampu, mmoja anasoma mshale, mmoja anachunga jukwaa, mmoja anavuta kamba ya kuifyatua chupa. Wa tano, binti wa kidato cha pili, kazi yake ilikuwa kukagua chupa. Mshale ulipofika 40 akapaza sauti: "Simamisheni!" Alikuwa amekumbuka kwamba asubuhi ile chupa iliburutwa kwenye murram. Hewa ikatolewa polepole, akaenda akapapasa shingo ya chupa kwa ukucha, akaupata mkwaruzo mfupi kama punje ya mchele. Wakabadilisha chupa. Dakika 11 zikapotea, timu ikakatwa pointi 5 kwa kuchelewesha ratiba. Chupa ya pili iliruka vizuri sana, upepo wa ziwa ukaisindikiza hadi nyuma ya goli la mbali, na kijana aliyevuta kamba akaitwa mbele kupewa kikombe. Binti alipiga makofi pamoja na wengine.

Mgeni wa heshima alikuwa ametoka kutuambia kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Dakika mbili baadaye alikabidhi kikombe kwa kidole kimoja, na hakuna aliyeona kasoro.

Sasa tuwatazame hao Wamarekani wanaotajwa kila mara. Usiku wa tarehe 13 Aprili 1970 tangi la oksijeni la Apollo 13, chombo kilichokuwa njiani kwenda mwezini, lililipuka, chombo kikiwa zaidi ya kilomita 300,000 kutoka duniani. Wanaanga Lovell, Swigert na Haise wakahamia kwenye chombo cha kutulia mwezini, ambacho kiliundwa kuwahifadhi watu wawili kwa siku mbili hivi. Sasa kilitakiwa kuwahifadhi watatu kwa siku nne. Hewa ya ukaa ikaanza kupanda. Vichujio vya kuiondoa vilivyobaki vilikuwa vya chombo kikuu, navyo vilikuwa vya mraba. Matundu ya chombo cha kutulia yalikuwa ya duara. Huko Houston, kwenye kituo cha kuongoza safari, mhandisi Ed Smylie na wenzake wakajiwekea mezani vitu vile vile tu ambavyo wanaanga walikuwa navyo: mifuko ya plastiki, jalada gumu la kitabu cha ratiba, mabomba ya hewa ya suti, utepe wa gundi. Wakaunganisha, wakajaribu, wakaandika. Maelekezo yakasomwa kwa redio hatua kwa hatua, na wale watatu wakaunda kifaa chao kwa mikono yao wenyewe. Kipimo cha hewa ya ukaa kikashuka.

Walitua baharini tarehe 17. Kesho yake Rais Nixon alikwenda kwanza Houston, akaitunuku timu nzima ya uendeshaji wa safari Nishani ya Rais ya Uhuru. Baada ya hapo ndipo akasafiri hadi Honolulu kuwatunuku wanaanga nishani hiyo hiyo. Ningeomba mwenyekiti wetu ausome mpangilio huo mara mbili. Walioketi ardhini walipewa kwanza, na walipewa kama timu.

Kuna mahali mwenyekiti ana haki, nami sitaficha. Bunge la Marekani liliweka Nishani ya Heshima ya Anga mwaka 1969, ikatolewa mara ya kwanza 1978 kwa wanaanga sita, na hadi leo imebaki ya wanaanga. Lakini hata humo ndani kuna jambo linaloniuma. Mmoja wa wale sita alikuwa Gus Grissom, aliyekwisha kufa katika moto wa Apollo 1 mwaka 1967, wakati wa jaribio la ardhini. Waliokufa naye, Ed White na Roger Chaffee, walikuwa wamefungiwa chumba kile kile, moto ule ule, dakika ile ile. Nishani zao zilikuja 1997. Miaka 19 ya kungoja kati ya kiti kimoja na kile cha pembeni yake! Nimejaribu kulielewa hilo kwa hoja na sijafaulu.

Tuzo ninayoipenda kuliko zote haina sherehe kubwa. Tangu 1968 wanaanga wa NASA, shirika la anga la Marekani, wana tuzo yao wenyewe iitwayo Silver Snoopy. Ni pini ndogo ya fedha yenye umbo la mbwa wa katuni aliyevaa suti ya anga. Kila pini hupelekwa angani kwanza, ikarudi, kisha mwanaanga mwenyewe huenda hadi mahali pa kazi pa mtu fulani na kumpachika kifuani, kwa sababu kazi yake imelinda usalama wa safari au kuifanikisha. Kwa mwaka hupewa chini ya asilimia 1 ya wafanyakazi. Hebu fikiria fundi wa waya anayeshinda mezani na kioo cha kukuzia, mlango unafunguliwa, na anayeingia ni yule ambaye uhai wake ulining'inia kwenye waya ule. Hapo aliyepanda ndiye anayetuza, na anayetuzwa ni aliyebaki chini.

Urusi nitaipitia haraka. Tarehe 12 Aprili 1961 Yuri Gagarin, mtu wa kwanza kwenda angani, alizunguka dunia, safari ya dakika 108, na jina lake likafika kila kijiji. Aliyeongoza ujenzi wa roketi ile, Sergei Korolev, alijulikana kwa umma kama Mbunifu Mkuu tu. Nishani alipewa, lakini jina lilikuwa siri ya serikali, na lilitangazwa alipofariki Januari 1966. Mtu aliyewahi kufungwa kambi ya kazi ngumu ya Kolyma, Siberia, na akarudi kuijenga kazi ile hakuwahi kusikia umati ukimwita kwa jina.

Na sisi Wakenya tuache kusema jambo hili halituhusu. Tarehe 12 Desemba 1970, Jamhuri Dei, satelaiti ya Kimarekani ilirushwa kwa roketi ya Scout kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi na kuendeshwa na Waitaliano chini ya Profesa Luigi Broglio. Msimamizi wa mradi upande wa NASA alikuwa mhandisi mwanamke, Marjorie Townsend, na kwa heshima ya siku ile satelaiti ikaitwa Uhuru. Ikweta ilisaidia: huku dunia inatusukuma mashariki kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa, na ukirusha kuelekea mashariki unaupata mwendo huo bure. Muhimu zaidi ni kwamba obiti, yaani njia ya kuzunguka dunia, iliyolala karibu na ikweta iliikwepesha satelaiti mionzi mingi ambayo ingevuruga vipimo vyake. Uhuru ilikuwa ya kwanza kutumwa mahususi kuchora ramani ya eksirei za anga, na orodha yake ya mwisho ilifikia vyanzo 339. Mwaka 2002 Riccardo Giacconi, aliyeongoza upande wa sayansi, alishiriki Nobeli ya fizikia kwa mchango uliowezesha kugunduliwa kwa vyanzo vya eksirei angani. Alistahili, sina ubishi. Lakini nikiuliza darasa hapa Kisumu satelaiti gani imebeba neno letu la Kiswahili, kimya. Nikiuliza Townsend ni nani, kimya zaidi. Nikimtaja Armstrong, mikono yote juu.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikosesha usingizi.

Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, Roger Boisjoly na wahandisi wenzake wa kampuni iliyounda roketi za pembeni za chombo cha anga Challenger walibishana kwa simu na wakubwa wao na wa NASA. Kesho yake ilitabiriwa baridi kali. Pete za mpira zilizoziba maungio ya roketi zile hukakamaa kwenye baridi, zikachelewa kujaza pengo, na gesi ya moto ikapata upenyo. Wakasema: tusirushe. Wakapuuzwa. Asubuhi Challenger ilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, wakafa watu saba. Mwaka 1988 Boisjoly alipewa tuzo ya uhuru na uwajibikaji wa kisayansi na chama cha kuendeleza sayansi cha Marekani.

Angalia vizuri tuzo hiyo imetoka wapi. Imetoka kwenye maiti saba. Je, kama wangemsikiliza? Chombo kingengoja jua lipande siku nyingine, kingeruka salama, na Boisjoly angebaki mhandisi msumbufu aliyechelewesha ratiba. Uongozi wake ungekuwa ule ule, ujasiri ule ule, hata zaidi, maana ungekuwa umefanya kazi. Na tuzo isingekuwepo. Vitabu vya uongozi vinakueleza kwamba anayezuia ajali ni shujaa, lakini havisemi utamtambuaje, kwa sababu ajali iliyozuiwa haina picha wala tarehe. Mimi pia sina jibu kamili. Ukimtuza kila anayesema "simamisheni", kesho utakuwa na timu isiyoruka kamwe. Usipomtuza yeyote, utakuwa na timu inayokaa kimya.

Tuzo za timu nazo nina mashaka nazo. Watu wapatao 400,000 walifanya kazi ya Apollo. Heshima ukiigawa kwa wote hao inakuwa nyepesi kama vumbi, na lawama nayo inagawanyika vivyo hivyo. Tukiwataja viongozi kwa majina, tunakutana na Wernher von Braun, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani, aliyekuwa wa kwanza kupewa kombe la kumbukumbu ya Goddard, Mmarekani mwanzilishi wa roketi, mwaka 1958. Roketi zake za V-2, silaha za Ujerumani ya Wanazi, zilijengwa na wafungwa wa kambi ya Mittelbau-Dora, na maelfu yao walikufa. Huyo ndiye aliyekuja kuongoza ujenzi wa Saturn V, roketi iliyowapeleka watu mwezini. Wanafunzi wakiniuliza kama alistahili kombe, nawaeleza yote mawili na ninakubali kwamba mimi mwenyewe sijaamua.

Ninachojua kwa hakika ni kwamba fomu yetu ya waamuzi ina mstari wa kukata pointi kwa kuchelewa na haina mstari wowote wa ukaguzi. Nimeandika pendekezo kwa kamati: ukaguzi upewe pointi 15, timu isikatwe chochote ikisimamisha kwa sababu ya usalama iliyoelezwa, na kikombe cha mtu mmoja kichaguliwe na wanatimu wenyewe kwa kura, kwa sababu wao ndio walioona.

Ile chupa yenye mkwaruzo niliomba nibaki nayo. Niliijaza maji pomoni, nikaiweka nyuma ya ukuta, nikaipampu hadi 60 na kuiacha dakika 10. Nikaipandisha hadi 80. Haikupasuka. Binti alipokuja juzi na mwalimu wake wa fizikia nilimweleza ukweli huo, maana sikuona heri ya kumficha.

"Kwa hivyo nilisimamisha bure, Mwalimu?"

"Wakati ule ulikuwa unajua nini, mwanangu?"

"Kwamba iliburutwa."

"Na ulikuwa hujui nini?"

"Kama itashika."

Akaigeuza chupa, akapitisha ukucha tena juu ya ule mkwaruzo, akasema hii haitatiwa presha tena, ataikata atengeneze mapezi.