Je, wajua kwa nini hazina za ngome za Vita vya Msalaba huwakwepa wanaozitafuta?

Mwaka 2012, wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv walikuwa wakichimba magofu ya Arsuf, ngome iliyojengwa juu ya jabali linaloitazama bahari ya Mediterania, kaskazini mwa jiji hilo. Chini ya vigae vya sakafu wakakuta kijitungi kilichovunjika, kimejaa mchanga. Vigae vya vyungu ni kitu cha kawaida mno kwenye kazi yao. Kwa siku moja hujaza ndoo. Lakini mchanga wa kijitungi hiki ulipomwagwa zilitoka sarafu 108 za dhahabu, zenye uzito wa karibu gramu 400 kwa jumla.

Waliozichimba wanaamini kwamba kijitungi kilichaguliwa makusudi kwa sababu kilikuwa kibovu. Chungu kizima chini ya sakafu kingemtia mtu tamaa ya kukifungua. Kipande cha chungu chenye mchanga, nani angehangaika nacho? Aliyeficha alikuwa mtu makini, na hila yake ilifanya kazi kwa zaidi ya miaka 700. Tatizo ni kwamba yeye mwenyewe hakurudi.

Ili kujua kwa nini hakurudi, tuanze na wenye ngome. Majeshi ya Wakristo kutoka Ulaya, yaani Wanamsalaba, yaliiteka Yerusalemu mwaka 1099, yakajikatia eneo refu la pwani katika nchi ambazo leo ni Israeli, Palestina, Lebanoni na Syria, na yakalishikilia kwa vipande vipande hadi mwaka 1291. Walijenga ngome nyingi, na nyingine waliwakabidhi watawa wapiganaji wa mashirika kama Templar na Hospitaller. Arsuf ilikuwa mikononi mwa Hospitaller pale Sultani Baibars wa Misri alipoizingira mwaka 1265. Ilianguka mwezi Aprili baada ya siku 40. Walinzi walijisalimisha wakitumaini wataachiwa huru. Badala yake wakachukuliwa mateka, na wakalazimishwa kushiriki kuibomoa ngome yao wenyewe. Huenda mwenye kijitungi alikuwa miongoni mwao, au alikwisha kufa ukutani. Kwa vyovyote, sakafu ikafunikwa na kifusi.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali letu. Hazina inayobaki ardhini ni ile ambayo mwenyewe alinaswa. Mwenye nafasi ya kuondoka huondoka na mali yake, na waliokuwa na mali nyingi zaidi ndio waliokuwa na nafasi hiyo.

Tazama Montfort, ngome iliyojificha kwenye bonde lenye msitu huko Galilaya ya Juu. Ilikuwa ya Wateutoni, watawa wapiganaji wa Kijerumani, ambao waliweka humo nyaraka na hazina ya shirika lao. Baibars aliichukua mwaka 1271, lakini safari hii kwa makubaliano: watawa wakaruhusiwa kwenda zao hadi Acre, mji wa bandari uliokuwa bado mikononi mwa Wanamsalaba. Mwaka 1926 jumba la makumbusho la Metropolitan la New York lilipeleka wachimbaji pale. Kiongozi wa mpango huo, Bashford Dean, alikuwa mtaalamu wa silaha za kale na alitamani kupata deraya na kofia za chuma za karne ya 13. Alipata vipande vya mawe yaliyochongwa, vioo vilivyopakwa rangi, vichwa vya mishale na takataka za maisha ya kila siku. Deraya alizozifuata hakuzipata.

Acre nako ni hivyo hivyo. Mji huo ulipoangukia mikononi mwa Sultani al-Ashraf Khalil mwezi Mei 1291, Templar walishikilia jengo lao la ufukweni kwa siku kadhaa zaidi. Afisa wao mkuu, Thibaud Gaudin, alipanda meli usiku na hazina ya shirika, akaelekea Sidoni, kisha Saiprasi. Walioachwa nyuma jengo liliwaporomokea. Kwa hiyo anayetafuta masanduku ya Templar kwenye magofu ya Mashariki ya Kati anatafuta mzigo ulioondoka na meli.

Ila hadithi tamu haifi kwa ushahidi. Mfalme Philip wa Nne wa Ufaransa aliwakamata Templar Oktoba 1307, na Papa akalivunja shirika mwaka 1312 na kuagiza mali zake wapewe Hospitaller. Tangu hapo watu wanasadiki kuna hazina iliyofichwa mahali. Mwaka 1946, mtu aliyekuwa akiitunza ngome ya Gisors, Ufaransa, alitangaza kwamba amechimba kwa siri chini ya mnara, akaona kanisa lenye majeneza 19 ya mawe na masanduku 30. Mwaka 1964 serikali yenyewe ikachimba, kwa agizo la waziri wa utamaduni André Malraux. Hawakukuta kanisa wala sanduku. Templar walikuwa wamekabidhiwa ngome hiyo kwa muda mfupi tu katika karne ya 12, zaidi ya miaka 140 kabla ya kukamatwa kwao. Msomaji wa Tanzania atakuwa ameshaijua ladha ya hadithi hii: ni mali ya Mjerumani ile ile, ambayo wakoloni wanasemekana waliifukia kabla ya kuondoka, yenye alama kwenye mawe na mtu anayejua mtu aliyeiona.

Basi mali iliyofichwa kweli ilikuwa ya nani? Mara nyingi ya mtu wa kawaida mwenye uwezo kidogo. Na si lazima awe Mwanamsalaba. Mwaka 2018, katika mji wa kale wa Kaisaria, kwenye pwani ya Israeli, wachimbaji walikuta kopo dogo la shaba limesokomezwa kati ya mawe mawili ya ukuta wa kisima. Ndani mlikuwa na sarafu 24 za dhahabu na hereni moja ya dhahabu. Hereni moja, si jozi. Sarafu 18 zilikuwa dinari za makhalifa wa Fatimiya wa Misri. Sita zilikuwa za Bizanti, dola ya Wakristo wa mashariki, za enzi ya Kaisari Mikaeli wa Saba aliyetawala kuanzia 1071 hadi 1078. Wataalamu wanaihusisha akiba hiyo na mwaka 1101, pale Baldwin wa Kwanza, mfalme wa Wanamsalaba wa Yerusalemu, alipouteka mji na kuwaua wakazi wake wengi, na waliosalia kuuzwa utumwani.

Fulcher wa Chartres, kasisi wa Baldwin, aliandika habari za siku ile, na maneno yake hayasomeki kirahisi. Anasema baadhi ya wakazi walificha sarafu za dhahabu mdomoni na wengine wakazimeza, na askari walipogundua wakawa wanachoma maiti ili dhahabu ionekane kwenye majivu. Wawindaji wa kwanza wa hazina ya Kaisaria, basi, hawakungoja hata mji upoe. Ukijua hilo unaelewa kwa nini mtu alikimbilia kisimani na kopo lake.

Turudi kidogo Arsuf, maana zile sarafu zina ajabu yake. Zilifichwa 1265 katika ngome ya Wakristo, lakini nazo ni dinari za Fatimiya, zenye maandishi ya Kiarabu, na zilikwisha kuwa na umri wa takriban miaka 250. Ziliendelea kutumika kwa sababu dhahabu yake ilikuwa safi na uzito wake wa kuaminika, karibu gramu nne kwa dinari. Wanamsalaba wenyewe walipiga sarafu za kuigiza hizo, Kiarabu chake na jina la Mtume Muhammad vikiwemo, ila dhahabu waliipunguza. Mwakilishi wa Papa alipoliona hilo mnamo 1250 alikasirika mno. Suluhisho la Acre lilikuwa la kibiashara hasa: wakabaki na Kiarabu, wakabadilisha maneno yawe ya imani ya Kikristo, wakaongeza msalaba.

Dinari hizo zilifika hata kwetu. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, ilipatikana akiba ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, zilizopigwa na watawala wa huku, na pamoja nazo dinari chache za dhahabu za kigeni, baadhi za Fatimiya.

Sasa mtu atauliza: kwa nini usichukue ditekta ya metali ukaenda zako Arsuf? Kwanza ni kosa. Sheria ya mambo ya kale ya Israeli ya mwaka 1978 inafanya kila kitu cha kale kinachovumbuliwa kuwa mali ya serikali, na kutafuta kwa ditekta bila kibali ni jinai. Pili, ditekta hulia hata kwa msumari, na magofu yaliyopigwa vita yamejaa misumari na vichwa vya mishale. Tatu, ambalo mimi naliona zito kuliko yote: sarafu iliyong'olewa usiku haisemi kitu. Kijitungi cha Arsuf kinaeleweka kwa sababu kilikutwa chini ya sakafu fulani, na sakafu hiyo chini ya kifusi cha mwaka unaojulikana. Ondoa hayo, unabaki na gramu 400 za dhahabu na mnunuzi asiyeuliza maswali.

Na akiba kubwa zaidi ya dhahabu iliyopatikana katika miji hii haikuhitaji jembe. Mwaka 2015 wapiga mbizi walikuwa katika bandari ya kale ya Kaisaria, baada ya dhoruba kuusukuma mchanga wa chini, wakaona sarafu wakadhani ni za mchezo wa watoto. Walitoa taarifa kwa mamlaka, na zilipohesabiwa zilikaribia 2,000. Nyingi ni za makhalifa al-Hakim na mwanawe az-Zahir, waliotawala Misri kati ya 996 na 1036, kabla Mwanamsalaba yeyote hajakanyaga pwani ile. Hakuna aliyezificha, inaelekea zilizama na meli.