Pesa Iliyokwisha Kutumika Si Sababu ya Kutumia Nyingine

Kwa miaka 11 nimekuwa nikiketi na wafanyabiashara wadogo, wakulima na wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa hapa Moshi, tukipitia madaftari yao kabla hawajachukua mkopo au kuanzisha mradi, na kauli ninayoisikia kuliko nyingine zote ni hii: "Nimeshatia hela nyingi mno, siwezi kuacha sasa." Wiki iliyopita niliisikia mara 3 kwa siku moja, kutoka kwa watu watatu wasiofahamiana. Wawili kati yao walikwisha kuhudhuria semina za ujasiriamali, wakafundishwa vielelezo vya fikra, yaani kanuni za kumsaidia mtu kupima uamuzi, na wanaweza kukueleza gharama mbadala (kile unachokikosa kwa kuchagua kingine) ni nini bila kukosea. Kuvijua hakukuwasaidia ilipofika zamu ya mali yao wenyewe. Ndiyo maana naandika, kwa kuwa nimechoka kuona watu waangalifu wakipeleka ada za watoto wao kwenye shimo lisilojaa.

Mmoja wao ni mama mwenye Hiace inayobeba abiria kati ya Moshi na Marangu. Alikuja na daftari lenye alama za vidole vya grisi, kwa sababu amezoea kuliandikia pale pale gereji, akalifungua ukurasa wenye orodha ndefu: gia, rejeta, kushusha injini, rejeta tena. Hiace aliinunua kwa shilingi milioni 17, na kwa miezi 9 alikuwa ameitengeneza kwa milioni 6 na laki 4. Fundi sasa alitaka milioni 3 na nusu ili injini ishushwe mara ya pili, ilhali mnunuzi mmoja alikuwa tayari kuichukua kama ilivyo kwa milioni 5. Aliniambia, "Mwanangu, nikiiuza hivi nitakuwa nimepoteza zaidi ya milioni 18."

Nilimjibu, "Mama, gari likiuzwa fedha hiyo imepotea, na lisipouzwa imepotea."

Nikamwomba afunge ukurasa ule na kufungua mwingine usio na kitu. Tuliandika mistari miwili tu: milioni 3 na nusu atakazompa fundi, na milioni 5 atakazozikataa kwa mnunuzi, jumla milioni 8 na nusu. Wengi husahau mstari wa pili, kwa sababu fedha hiyo haitoki mfukoni, lakini anayekataa milioni 5 ili abaki na gari amelinunua tena gari hilo kwa milioni 5. Kisha nikamuuliza swali ambalo sasa namuuliza kila mtu: kama leo asubuhi ungekuwa na milioni 8 na nusu mkononi, huna gari lolote, na mtu akakuletea Hiace hii hii ikiwa imeshatengenezwa, nawe unaijua historia yake yote, ungeinunua? Alitazama nje dirishani kwa muda mrefu. Halafu akasema, taratibu, kwamba asingeinunua hata kwa milioni 6.

Hapo ndipo hesabu inapokwisha. Uamuzi wowote unahusu siku zijazo, basi vinavyostahili kuingia kwenye mizani ni vile ambavyo uamuzi huo unaweza kuvibadilisha: gharama zitakazolipwa kuanzia leo na faida zitakazopatikana kuanzia leo. Fedha iliyokwisha kutoka haibadilishwi na lolote utakaloamua, na kwa sababu hiyo haiwezi kuwa hoja ya upande wowote, si wa kuendelea wala wa kuacha.

Watu huniletea methali kama muhuri: "Ukiyavulia maji nguo, huna budi kuyaoga." Naiheshimu methali hiyo, na kwa mtu anayeogopa ubaridi wa mwanzo ni shauri jema kabisa, lakini haikusemwa kwa ajili ya mtu ambaye, akiwa amekwisha kuvua nguo, ameona mamba. Lugha ile ile ina maneno mengine kwa hali hiyo, nayo ni kwamba maji yakimwagika hayazoleki.

Kosa hili si la watu wasiosoma. Mwaka 1985 watafiti wawili wa Marekani, Hal Arkes na Catherine Blumer, walichapisha jaribio walilolifanya katika Chuo Kikuu cha Ohio, ambapo wanunuzi wa tiketi za msimu mzima wa michezo ya kuigiza waligawanywa bila kujua: wengine walilipa dola 15 kamili, wengine wakapunguziwa dola 2, wengine dola 7. Michezo ilikuwa ile ile na viti vile vile, lakini katika nusu ya kwanza ya msimu waliolipa bei kamili walihudhuria zaidi ya waliopunguziwa. Waliiburuta fedha iliyokwisha kulipwa hadi ukumbini. Serikali za Uingereza na Ufaransa nazo zilifanya hivyo kwa kiwango kikubwa zaidi: zilipotiliana saini mwaka 1962 kutengeneza ndege ya Concorde, hesabu zilianza kuharibika mapema, gharama zikapanda mara kadhaa, mashirika ya ndege yaliyokuwa yameonyesha nia ya kununua yakajitoa, na bado kazi iliendelea. Zilitengenezwa ndege 20 tu, na 14 ndizo zilizofanya biashara ya abiria, kuanzia mwaka 1976 hadi 2003. Hadi leo wapo wachumi wanaoliita kosa hili kwa jina la ndege hiyo.

Nikiwauliza wateja wangu kwa upole, na wakipata muda wa kutulia, sababu inayojitokeza mara nyingi si hesabu bali ni aibu. Huku kwetu kila mtu anajua kwamba mwezi wa Desemba ndugu wote wanarudi nyumbani, na yule aliyetamba mwaka jana kuwa ana gari la abiria anajua ataulizwa linaendeleaje. Gari lililokufa uani, juu ya mawe, linaweza kuelezwa kuwa "lipo kwa fundi", lakini lililouzwa haliwezi kufichwa. Naielewa aibu hiyo na siidharau hata kidogo. Ninachokiomba ni kwamba iitwe kwa jina lake, iandikwe kwenye daftari kama gharama nyingine, kisha mtu ajiulize kama yuko tayari kuilipia milioni 3 na nusu. Na kwa kuwa mwenye mali ni vigumu kuiona mali yake kama ilivyo, nashauri swali la kununua upya liulizwe na mtu asiyekuwapo mradi ulipoanza, awe dada, jirani au mwanachama mwenzake wa kikundi.

Wapo pia wanaolishika somo hili nusu, na hao hunitia hofu zaidi. Kijana mmoja wa Kibosho alirithi kihamba, yaani shamba la ukoo, chenye mibuni ya marehemu baba yake, akanijia akiwa na furaha: fedha za mzee zimeshakwenda, kwa hiyo anang'oa kahawa yote. Nilimwambia kwamba fedha zimekwenda, ni kweli, lakini mibuni ipo. Thamani yake si jasho lililoipanda, bali ni mavuno yatakayotoka kuanzia msimu huu, na mche mpya wa arabika huchukua takriban miaka 3 kabla ya kuanza kuzaa vizuri, hivi kwamba anayeng'oa bei ikianguka na kupanda tena bei ikipanda hununua miaka mitatu ya shamba lisilolipa. Tulikaa tukaandika mavuno anayoyatarajia, tukatoa vibarua, kupogolea, na dawa za chulebuni na kutu ya majani, kisha tukalinganisha na ndizi na mboga ambazo ardhi ile ile ingezaa. Ikiwa mibuni imezeeka mno, kubadilisha kwa aina zinazostahimili magonjwa hayo mawili, zilizozalishwa na taasisi ya utafiti wa kahawa iliyopo Lyamungu, kunaweza kuwa na maana. Lakini sababu iwe mavuno yanayokuja, si hasira ya yaliyopita. Kuacha kwa pupa na kung'ang'ania kwa ukaidi ni watoto wa mama mmoja, kwa maana wote wawili wanatazama nyuma.

Dhana nyingine zinazopotosha maamuzi nitazipitia kwa kifupi.

"Fulani ametoka kwa parachichi, nami nitatoka." Huyu anahesabu waliobaki na kuwasahau walioanguka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mwanahisabati Abraham Wald, akifanya kazi na kundi la watakwimu katika Chuo Kikuu cha Columbia, alichunguza ndege za kivita zilizorudi na matundu ya risasi, akaonyesha kwamba sehemu zisizo na matundu mengi ndizo za kuhofiwa, kwa kuwa ndege zilizopigwa hapo hazikurudi kuhesabiwa. Kabla hujapanda, watafute watu wawili walioacha zao hilo, ukawasikilize kwa makini kuliko unavyomsikiliza aliyejenga ghorofa.

"Uamuzi mzuri hujulikana kwa matokeo." Hapana. Dereva wa bodaboda aliyefika Himo salama usiku bila taa hakuamua vizuri, alinusurika. Vivyo hivyo, mkulima aliyegawa mbegu zake katika mashamba mawili na bado ukame ukamkuta hana la kujilaumu. Anayejipima kwa matokeo peke yake hujifunza kuiamini bahati.

"Uzoefu unatosha." Unatosha mahali ambapo makosa yanajionyesha upesi na kazi inajirudia. Fundi cherehani aliyekata suruali 1,000 anaweza kuliamini jicho lake, kwa sababu kila suruali ilimrudishia jibu siku ile ile. Mwaka 2009 Daniel Kahneman na Gary Klein, waliokuwa na misimamo inayopingana kuhusu hisia za mtaalamu, waliandika pamoja na kukubaliana juu ya jambo hilo hilo: panahitajika mazingira yenye utaratibu unaotabirika, na nafasi ya kujifunza kutokana na majibu yake. Kununua kiwanja mara 2 katika maisha si uzoefu wa kutegemewa, hata kama mara zote mbili mambo yalikwenda vizuri.

"Ukijua vielelezo vingi utafikiri vizuri zaidi." Tunazo methali mamia, na ambaye ni hodari wa kuzitaja atapata ya kumruhusu jambo lolote analolitaka: akitaka kukawia, haraka haraka haina baraka; akitaka kukimbilia, ngoja ngoja huumiza matumbo. Vielelezo vya kisasa vinatumiwa kwa namna hiyo hiyo, mtu akiamua kwanza na kuchagua kielelezo baadaye. Vitatu vinavyoulizwa kabla ya uamuzi vinatosha kwa biashara nyingi ninazozijua.

Kwa ajili hiyo sifundishi orodha. Naomba jambo moja, na nalisisitiza mpaka baadhi ya wateja wananikwepa: daftari la maamuzi, si la mapato, ambamo siku ya kuanza mtu anaandika tarehe, anachokiamua, sababu yake, anachokitarajia na lini, na katika safu ya mwisho kitu gani kikitokea ataacha. Safu hiyo ya mwisho iandikwe kabla senti moja haijatoka, maana siku hiyo ndiyo pekee ambapo hakuna fedha iliyokwisha kuzama inayomvuta mkono. Dada mmoja wa Pasua, alipoanza kufuga kuku wa nyama, aliandika kwamba akipoteza vifaranga zaidi ya 15 kati ya 200 kabla ya wiki ya tatu, hataagiza kundi la pili mpaka banda lirekebishwe. Walikufa 31. Alikuwa amekwisha kutia fedha katika banda, vyombo na chakula, na mumewe alitaka waagize tena haraka ili zirudi. Alimfungulia ukurasa ule, wenye mwandiko wake mwenyewe na tarehe ya mwezi uliotangulia, na fedha ya vifaranga vipya ikaenda kununua turubai za kukinga upepo na jiko la pili la mkaa.