"Computer" alipokuwa mtu

Mwaka 1936 Alan Turing, mwanahisabati wa Uingereza, alichapisha makala ya hisabati ambayo leo huhesabiwa kuwa moja ya misingi ya sayansi ya kompyuta. Neno "computer" limo humo, lakini anayetajwa ni binadamu, anayepiga hesabu kwenye karatasi yenye vijisanduku kama daftari la mtoto wa shule.

Wala halikuwa fumbo. "Compute" ni kukokotoa, na anayekokotoa ndiye "computer". Neno hilo limo katika maandishi ya Kiingereza tangu 1613. Almanaki ya mabaharia wa Uingereza, yaani kitabu cha majedwali ya kuongozea meli, ambayo toleo lake la kwanza lilikuwa la mwaka 1767, iliwategemea watu hao. Walifanya kazi majumbani mwao; hesabu moja ilipewa wawili, kila mmoja kivyake, kisha wa tatu akalinganisha majibu. Baadaye kazi hiyo ikawaangukia sana wanawake, kama Henrietta Leavitt katika kituo cha kuchunguza nyota cha Harvard, Marekani.

Maana ilihamaje basi? Kwa mlango wa kivumishi. Mashine zilipotokea katika miaka ya 1940, jina lilikuwa na mwenyewe, kwa hiyo zikaitwa "electronic computer" au "digital computer". Zilipozoeleka, kivumishi kikadondoka. Kufikia 1950, Turing huyohuyo alipotaka kumtaja mtu katika makala nyingine, alimwita "human computer". Kwangu hiyo ndiyo dalili ya kutazama: maana ya zamani ikianza kuhitaji neno la kuisindikiza, ujue imeshapokonywa kiti. Sisi tumeyaona kwenye simu. Zamani tulilazimika kusema "simu ya mkononi". Siku hizi "simu" peke yake ni hiyo ya mfukoni, na ile ya waya ndiyo inayoitwa "simu ya mezani".

Kilichonichekesha ni kwamba wanawake 6 waliochaguliwa kuipangia hesabu zake ENIAC, mojawapo ya kompyuta za mwanzo za kielektroniki, iliyoonyeshwa hadharani mwaka 1946, walikuwa tayari "computer" kwa cheo.

Kiswahili kilikopa "kompyuta" mtu akiwa ameshatoka ndani ya neno. Ndiyo maana ukisema mwanahisabati Katherine Johnson alikuwa kompyuta, msikilizaji hudhani unamsifu kwa kutia chumvi. Pale Langley, kituo cha utafiti wa ndege huko Marekani, alikoajiriwa mwaka 1953, ilikuwa ni kazi yake tu.