Kiyoyozi si cha kupoza tu

Nakuru, baridi ya Julai ikiuma, wapo wanaowasha hita ya koili huku kiyoyozi kimetulia ukutani. Inaaminika kwamba kazi yake ni kupoza tu, na kwamba hewa baridi ya nje haina joto la kuvuta. Ni rahisi kuamini hivyo. Lakini hata hewa ya nyuzi 10 ina joto: gesi ya mabomba ya kiyoyozi, iliyo baridi zaidi, hulifyonza, kompresa huibana ikawa moto, joto likaingia chumbani. Hita hugeuza uniti 1 ya umeme kuwa joto la uniti 1. Pampu ya joto, yaani kiyoyozi kinachopasha hivyo, kwa uniti hiyo 1 huleta takriban 3. Si kila kiyoyozi kina uwezo huo. Soma kibandiko chake: kipashacho huonyesha wati za kupoza na za kupasha. Kikipasha, kinga mkono penye feni ya nje. Upepo wake ni baridi kuliko hewa ya uani.