Ritifaa ya Kiingereza: sikio halitakusaidia

Ukiondoa ritifaa, yaani alama ya ('), kwenye ng'ombe, matamshi yanaharibika na kila mtu anasikia. Katika Kiingereza sivyo. Boys, boy's na boys' hutamkwa sawasawa. Tofauti iko kwenye maana tu. Ndiyo maana mtu anaongea Kiingereza safi kabisa, lakini tangazo lake lina makosa.

Tuanze na vibao vya biashara. "Grape's for sale" ni kosa, hata zabibu zenyewe ziwe tamu kiasi gani. Wingi wa kawaida hauna ritifaa: grapes, chips, phones. Vifupisho na miaka navyo ni hivyo hivyo: two MPs, the 1990s.

Ritifaa ni ya umiliki. Andika kwanza jina la mwenye kitu likiwa kamili, katika umoja au wingi wake, kisha weka ritifaa mwishoni. Kama jina hilo ni wingi unaoishia na s, umemaliza. Kama sivyo, ongeza s. Ofisi ya mbunge mmoja ni the MP's office. Ofisi za wabunge wengi ni the MPs' offices. Women ni wingi usio na s, hivyo bango la Machi 8 liandikwe Women's Day. "Womens'" haipo. James's na James' zote zinakubalika, ila usizichanganye katika waraka mmoja. Jina rasmi la taasisi liache lilivyo: chuo kikuu cha St John's hapa Dodoma kina ritifaa, na kuiacha ni kukosea jina la watu.

Barua za likizo ndizo zinazowasumbua hata makatibu muhtasi wazoefu, kwa sababu muda nao huchukuliwa kama mwenye kitu. Likizo ya wiki moja ni one week's leave. Ya siku 28 ni 28 days' leave, ritifaa ikikaa baada ya s. Lakini ukiandika a 28-day leave, kistari kinatosha, na day inabaki katika umoja.

Ritifaa pia hushika nafasi ya herufi zilizoachwa. It's ni it is au it has, basi; si umiliki. Irefushe: sentensi ikigoma, andika its. Hers, ours, yours na theirs pia hazina ritifaa kamwe. Jaribu hivyo hivyo kwa who's na whose, you're na your. Kwenye barua rasmi ni heri usifupishe kabisa. Do not inapendeza kuliko don't.

Kompyuta nayo ina visa vyake. Ukibonyeza ritifaa baada ya nafasi, programu nyingi hudhani unafungua nukuu na kuipindua: ‘90s badala ya ’90s (kifupi cha 1990s). Bonyeza mara mbili, kisha ufute ya kwanza. Washairi wanaoandika ’takuja kwa nitakuja watumie njia hiyo hiyo.