Kuuza chipu si kazi ya mdomo

"Yaya, kuuza chipu si kazi ya wenye mdomo tu?"

Yaya kwetu ni mkubwa wako. Kijana aliyeniuliza hivyo anasoma uhandisi, Polytechnique, pale Unilu, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Alikuwa amekuja dukani kwangu Kamalondo kuchaji simu, umeme umekatika mtaani kwao. Mezani nilikuwa na inveta niliyoifungua, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani: transista sita, vipande vinavyowasha na kukata umeme, zimepangwa kwenye bati la kupozea, mbili zimepasuka tumbo, masizi kila mahali na harufu ile inayokaa puani mpaka jioni. Mdomo niliutumia mimi kuiuza. Nilimwambia mteja itabeba friji na pampu, nisimuulize pampu yake inavuta kiasi gani inapoanza kuzunguka. Mota ikianza huvuta umeme mara kadhaa kuliko ikishakolea. Basi inveta hiyo imerudi.

Kwenye biashara ya semikondakta, yaani vitu kama silikoni vinavyotengenezewa transista na chipu, mambo ni hayohayo, ila hasara ni kubwa zaidi. Anayenunua chipu ni injinia mwenye karatasi ya vipimo mkononi. Atakuuliza volti, joto, bei ya vipande 100,000, na kama kiwanda kitaendelea kuitengeneza miaka kumi ijayo. Ndiyo maana kampuni nyingi huwachukua waliosoma umeme au elektroniki, kisha huwafundisha kuuza. Pembeni yao hukaa mainjinia ambao kazi yao ni kumsaidia mteja kurekebisha sakiti. Meneja wa mauzo huongoza watu wa namna hiyo. Jerry Sanders, mmoja wa walioanzisha kampuni ya chipu ya AMD mwaka 1969, alisoma uhandisi wa umeme, akafanya kazi ya mauzo kwenye kampuni ya Motorola, kisha Fairchild. Mdomo alikuwa nao, tena mkubwa, lakini digrii ndiyo ilitangulia.

Wengine wanadhani ukiuza leo, kamisheni unaila jioni, kama muuza simu. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Ushindi wa muuza chipu ni siku injinia anapoichora chipu yake kwenye mchoro wa kifaa kipya. Siku hiyo hakuna pesa. Kinafuata kifaa cha majaribio, vipimo, marekebisho, vibali. Kwa magari inaweza kupita miaka kabla ya oda kubwa ya kwanza. Ikishafika, oda hizo zinaweza kuendelea miaka mingi, kwa sababu hakuna anayependa kuchora upya kitu kinachofanya kazi.

Katikati ya hapo meneja anaishi na makadirio: mteja huyu atataka vipande vingapi, lini. Chipu moja hukaa kiwandani miezi, kwa hiyo ukikosea leo utajulikana baadaye. Mwaka 2020 korona ilipoingia, watengenezaji wa magari walifuta oda. Viwanda vya chipu vikageukia kompyuta na vifaa vya nyumbani. Magari yalipoanza kutafutwa tena, watengenezaji hao walijikuta nyuma ya foleni, na mwaka 2021 viwanda vyao vingine vilisimama kwa kukosa vipande vya bei ndogo kabisa. Msimu kama huo meneja wa mauzo hauzi kitu, anagawa. Anakaa na wateja watano wenye hasira na mzigo wa kuwatosha wawili. Hapo heshima yake inategemea kama mwaka uliopita aliwaambia ukweli.

Halafu kuna ile ya mtaani: chipu hutengenezwa kwa koltani, madini yetu, kwa hiyo kazi hizi ni haki yetu. Hasira ninaielewa, lakini kemia haiko hivyo. Chipu nyingi ni silikoni, inayotokana na kwatsi, jiwe la kawaida. Koltani hutoa tantalamu, ambayo sehemu yake kubwa kwenye elektroniki huenda kwenye kapasita, vile vipande vinavyokaa jirani na chipu. Kobalti ya Kolwezi inajulikana zaidi kwa betri. Lubumbashi ina kingine ambacho wachache hukitaja: jemaniamu, iliyolala ndani ya ule mlima mweusi wa takataka za shaba karibu na bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Transista ya kwanza, iliyotengenezwa Bell Labs, maabara ya Marekani, mwaka 1947, ilikuwa ya jemaniamu. Mwaka 2024 STL, kampuni tanzu ya Gécamines, ilianza kuipeleka kwa kampuni ya Umicore, Ubelgiji. Siku hizi huingia kwenye nyaya za faiba na sola za setilaiti. Hata hivyo kuuza madini kwa tani na kuuza chipu ni ufundi wa aina mbili tofauti.

Na si lazima uwe na kiwanda. Kampuni za Nvidia na Qualcomm huchora chipu tu. TSMC ya Taiwan, iliyoanza 1987, huwatengenezea wengine. Mzigo mwingi hupita kwa wasambazaji kama Arrow na Avnet, ambako vijana wengi huanzia. Kiingereza utakihitaji, hilo halina mjadala. Lakini anayeuza paneli za sola hapa mjini tayari anauza semikondakta, ajue asijue.

Kijana aliokota transista iliyoungua, akaisugua kwa kidole, akaandika namba ya transista hiyo kwenye simu, akasoma vipimo vyake.

"Yaya, hapa ampea wameziandika kwa nyuzi 25. Kwa nyuzi 100 ni nusu tu. Mteja aliifunga wapi?"

Kwenye kibanda cha mabati, mwezi wa kumi, wakati wa joto kali. Nilijua siku alipoirudisha.